Pikapu ya Mume Mmoja

"Gari hii ina mume mmoja tu, na mume mwenyewe ndiye mimi! Mwanamume yeyote akiitoa hapa hatua moja kwenda mbele, aondoke nayo, na mke wangu nitampakiza juu pamoja na mbuzi!"

Ndivyo alivyobwata Kipriani Nduwayezu siku ya gulio pale Nyamitwe, akiwa amesimama juu ya paa la pikapu yake, mbele ya wanaume wote, wake za watu na katekista wa kigango. Mke mwenyewe, Pelagia, alikuwa hapo chini akipima maharage kwa kopo. Hakuinua hata kichwa. Alimwambia tu jirani yake, "Mbuzi hatuna."

Nyamitwe ni kituo cha biashara kilichoning'inia kwenye mteremko wa barabara ya Kibondo kwenda Kasulu. Ukifika hapo mashimo yameshakutoa nusu ya roho, nusu iliyobaki unainywesha chai. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Kambi zilikuwa zimefurika watu waliokimbia vita ng'ambo, na katika msongamano ule bunduki nazo zilivuka mpaka bila kuandikishwa popote. Kila wiki gari moja ilivamiwa msituni. Madereva wa malori walikuwa wanasafiri kwa msafara wakisindikizwa na askari. Kipriani alisafiri peke yake, honi juu, kiwiko nje ya dirisha. Alisema majambazi wanajua kuchagua.

Pikapu ile, ya bluu, aliinunua kwenye mnada wa misheni padre mmoja mzee aliporudi kwao. Mwaka uliofuata sanduku la gia lilikufa. Saady, fundi wa Kasulu, alilifumua akalifunga tena, ila fito mbili za gia akazipishanisha. Ukisukuma mkono wa gia mbele, mahali pa namba moja, gari inarudi nyuma. Ukiuvuta nyuma, mahali pa rivasi, gari inakwenda mbele. Saady alipogundua alishika kichwa, akaomba spana aifungue upya. Kipriani akamkamata mkono akauminya hadi fundi akapiga magoti.

"Usiguse! Hiyo ndiyo kufuli yangu. Mwizi wa wapi ataiba gari inayotembea kinyumenyume?"

Kutoka siku hiyo kufuli ikawa dini. Kipriani alikuwa mtu mfupi, shingo nene, ngumi kama jiwe la kusagia. Pale stendi ya Kasulu mpiga debe mmoja aliugusa mkono wa gia kwa kutaka kujua tu. Kipriani akambamizia mlango vidoleni mara moja, akaufungua, akambamizia tena. Kibondo alimvunja taya dereva wa watu kwa spana ya magurudumu, kisa kasema gari hiyo inahitaji kuombewa. Nyumbani nako, Pelagia alipothubutu siku moja kusema wafundishane, ili akiugua mazao yasiozee barazani, alipigwa kibao kilichompeleka hadi kwenye mafiga. "Mwanamke ana miguu miwili," Kipriani alimfafanulia, "na gari ina pedali tatu. Hesabu mwenyewe."

Yule aliyejaribu bahati yake siku ile ya majigambo alikuwa Evaristi Nkunzimana, kamanda wa sungusungu wa Nyamitwe, mwanamume mrefu aliyejifunza udereva jeshini na ambaye hakuruhusu watu wasahau. Alipanda, injini ikiwa inaunguruma, akarekebisha kioo, akakohoa kidogo kama anayetaka kuhutubia, akaweka namba moja, akaachia klachi. Pikapu ikaruka nyuma kama mbuzi aliyeona chui, ikaingia kwenye vyungu vya Zuleha, muuza pombe, ikasaga vyungu vyote na mguu mmoja wa meza ya nyama. Gulio zima likaangua kicheko. Watoto walijigaragaza chini. Zuleha mwenyewe, vyungu vyake vikiwa vigae, alicheka hadi akashikilia nguzo.

Evaristi alishuka taratibu. Angeuvuta ule mkono nyuma, basi, gari ingekwenda mbele na yeye angeondoka nayo, na mke wa mtu juu yake. Hapo ndipo ilipokuwa siri yote ya kufuli ya Kipriani: haikufungwa na chuma, ilifungwa na kicheko. Kila aliyejaribu alirudi nyuma mara moja, akachekwa, akashuka. Hapakuwa na mwanamume Nyamitwe aliyekuwa tayari kuchekwa mara mbili.

Kipriani hakuliwaza hilo. Aliamini gari inampenda. Siku za gulio alikunywa pombe ya ndizi kwa Zuleha, ng'ambo ya bonde, hadi miguu ikamkana, na asubuhi aliamka uani kwake nyuma ya usukani, kofia kichwani, funguo mahali pake, gari imeegeshwa sawasawa na pua yake ikitazama chini. Alikuwa akiiegesha hivyo siku zote kwa sababu stata ilikufa kitambo, nayo iliwaka kwa mteremko. Kipriani alikuwa anapapasa dashibodi kwa machozi. "Inanijua," aliwaambia watu. "Hata nikizimika, inanifikisha. Mke atakuacha njiani, hii haikuachi."

Pelagia alikuwa akimletea maji ya kunawa uso.

Balaa lilikuja Jumamosi moja, jua likiwa limeinama kidogo. Kipriani alikuwa amekunywa toka asubuhi. Aliiacha pikapu barabarani juu ya mteremko, akateremka migombani nyuma ya kanisa, akajilaza kwenye majani makavu. Funguo aliziacha kwenye gari. Nani angeichukua?

Wanaume wanne wakatoka msituni kwa miguu, wawili wana bunduki, wawili mapanga. Haja yao ilikuwa duka la Abdalah, lililo chini mwishoni mwa kituo, lenye vitenge, sukari, sabuni na redio, na walihitaji cha kubebea. Mmoja wao akapanda pikapu, akatoa breki ya mkono, gari ikaserereka na kuwaka kwa gia ya pili. Akaweka namba moja. Ikarudi nyuma, ikagonga ukuta wa ghala la ushirika. Wazee waliokuwa barazani walimwona. Hakuna aliyecheka, maana mwenzake alikuwa ameshika bunduki. Yule dereva akatukana, akauvuta mkono wa gia nyuma, akaenda zake mbele.

Basi, kufuli ikawa imefunguliwa hivyo hivyo.

Kule dukani alikuwepo Moses, kijana muuzaji wa Abdalah, mpole, mwimba kwaya. Alipoona bunduki alikimbilia kufunga mlango, na mmoja wa wale wenye mapanga akaupiga mlango na mkono wa Moses kwa pamoja, kisha akapiga shingo. Kijana alianguka juu ya magunia ya sukari. Abdalah, mzee mwenye asili ya pwani, alipigwa kitako cha bunduki sikioni hadi akalala. Wakapakia, wakafyatua risasi mbili hewani, ya tatu ikamwua mbwa. Wakaingia barabara ya Kasulu.

Ndipo yowe likapigwa.

Desturi ya yowe katika milima ile haina mjadala. Ukilisikia unaacha chakula, unaacha mgonjwa, unaacha hata maiti. Unachukua panga, rungu au mchi, unatoka, na unalipokeza yowe hilo kilima cha pili. Asiyetoka, anahesabiwa kuwa miongoni mwa wezi. Siku ile kilima kilipokea toka kwa kilima hadi likafika darajani kabla ya pikapu, na vijana wa huko wakalaza gogo. Majambazi walipoliona gogo na nyuma ya gogo umati wenye mikuki, walimimina risasi, wakamjeruhi mtu nyonga, wakaruka na mizigo waliyoweza, wakazama msituni. Hawakuonekana tena. Pikapu ikabaki katikati ya barabara, injini inaunguruma, nyuma yake imelowa damu ya Moses toka kwenye magunia. Vijana waliizima, wakaifunga kamba na kuivuta hadi Nyamitwe kwa mikono, maana hata kwenye hasira hakuna aliyetaka kuzijaribu zile gia.

Watu wote walikuwa wametoka, isipokuwa mmoja.

Walimkuta migombani anakoroma. Kipriani alifumbua macho, akaona miguu mingi, na kabla hajauliza kitu rungu la kwanza lilikuwa limeshafika mgongoni. Alivutwa kwa shingo ya shati kupanda mteremko. Alirusha ngumi akamtoa mtu meno mawili, na kwa meno yale wakamlipa kwa mateke hadi mbavu zikalia kama kuni. Walipomtupa kwenye uwanja wa gulio, mbele ya pikapu yake, jicho moja lilikuwa limeshafunga.

Evaristi alisimama juu yake na rungu mkononi. Hakupiga kelele.

"Kipriani. Yowe ulilisikia?"

"Nimelala, kamanda! Nimekunywa!"

"Watoto wa kunyonya wamelisikia. Haya, gari hii ya nani?"

"Yangu!"

"Inaendeshwa na nani?"

Kipriani aliona shimo mbele yake na akaliingia kwa hiari, kama alivyozoea kuingia mashimo yote ya barabara ile. "Na mimi!"

"Na mwingine nani?"

Umati ukamjibia, sauti moja: "Hakunaaa!"

"Ulisema hapa hapa, umesimama juu ya paa," Evaristi alisema. "Hakuna mwanamume awezaye kuitoa hatua moja kwenda mbele. Mimi mwenyewe ulinifanya nichekwe na watu. Sasa gari imekwenda mbele, imemwua Moses, imefika darajani. Mwenye hesabu anipe jibu lingine."

Wazee wa barazani, waliomwona dereva mgeni, walifungua midomo, wakaona uso wa mama yake Moses, wakaifunga.

"Mguu wa klachi upi?" Evaristi aliuliza. "Huu wa kushoto, siyo?"

Vijana wawili wakaukalia mguu wa kulia. Rungu likashuka kwenye ule wa kushoto, kwenye mfupa chini ya goti. La kwanza halikuuvunja. La pili liliuvunja kwa mlio ambao hata waliokuwa mbali waliusikia, na mwanamke mmoja akatapika. Kipriani alilia kwa sauti asiyoijua, nyembamba, ya mtu mwingine kabisa. Likashuka la tatu, pale pale palipovunjika, na vumbi likaingia kwenye nyama. Kisha mtu akalifungua tairi la akiba la pikapu, jipya, ambalo Kipriani alikataa kumwazima kila mtu aliyekwama barabara ile. Wakamvisha shingoni hadi mabegani. Dumu la mafuta ya taa likaja likipita mkono kwa mkono, na kila aliyelipitisha hakuwa yeye aliyelileta.

Mafuta yalipomwagika kichwani yalikuwa ya baridi. Kipriani alilikumbuka hilo miaka mingi baadaye: kwamba kabla ya moto kuna baridi.

"Ngojeni!"

Pelagia alipasua umati kwa viwiko. Maganda ya maharage yalikuwa yamemjaa kichwani na kwenye khanga. Alipofika mbele ya Evaristi alipiga magoti na kukutanisha viganja, akapiga makofi polepole, kama mwanamke wa milima ile anavyomwamkia mkubwa, hata mkubwa mwenyewe akiwa na damu kwenye rungu.

"Mwakeye, kamanda."

Mtu hawezi kuamkiwa hivyo asijibu. "Mwakeye, mama Nkunda."

"Unasema hakuna mwingine anayeiendesha. Mimi naiendesha."

Umati ukaguna. Evaristi akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama Nkunda, mume ni mume, tunajua. Usijitie motoni kwa ajili yake."

"Nani anamrudisha nyumbani akilewa kwa Zuleha? Malaika? Kila gulio nateremka bondeni, namsukumia kiti cha pili, naendesha hadi uani, namrudisha nyuma ya usukani, namvisha na kofia. Mwaka wa tatu huu."

Na hapo Kipriani, mguu vipande viwili, tairi shingoni, mafuta ya taa yakimchoma macho, aliinua kichwa kutoka mavumbini akapiga ukelele:

"Mwongo! Msimsikilize! Hajui hata kufungua mlango!"

Yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe! Hata mshika kiberiti alisita. Walishaona watu wakililia uhai kwa kila aina ya uongo, lakini mtu anayekana ukweli unaomwokoa, huyo alikuwa mgeni.

"Baba Nkunda, nyamaza ufe vizuri au nyamaza upone," Pelagia alisema bila kumtazama. "Vyovyote, nyamaza."

"Inanijua mimi! Inanirudisha yenyewe!"

"Ego, ndiyo, yenyewe. Na kofia inajivaa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akazibwa mdomo. Pelagia akavua ndala, akapanda. Vijana wakaisukuma pikapu kwenye mteremko. Mguu wake wa kushoto, wenye matope makavu, ukakanyaga klachi hadi chini, mkono ukauvuta mkono wa gia nyuma bila kuutazama, kama anavyofunga khanga. Gari ikashtuka na kuwaka. Ikaenda mbele. Watu wakaruka huku na huku. Akaizungusha uwanja mzima, akabadili gia mara mbili, akaikanyaga baiskeli ya sungusungu iliyolazwa njiani, akaisimamisha na tairi la mbele likiwa hatua moja tu kutoka kwenye kichwa cha mumewe.

Kipriani aliuona mguu ule kupitia mlango uliokuwa wazi. Alisema baadaye rungu halikumuuma vile.

"Basi ni yeye!" kijana mmoja akapayuka. "Ni mwanamke aliyewaendesha majambazi!"

Rungu la Evaristi likageuka kumwelekea Pelagia. Ndipo kikongwe kimoja kikajisogeza kwa fimbo, mama mzazi wa kamanda, Ininahazwe.

"Evaristi, mwana wanje, una akili? Huyu alikuwa kwangu toka asubuhi ananipuria maharage. Maharage ambayo mkeo hataki kuyapura! Tumelisikia yowe pamoja, tumetoka pamoja, yeye na mchi, mimi na fimbo. Au na mimi ni jambazi?"

Pelagia hakungoja kamanda ajibu mama yake. Alishuka, akashikilia mlango.

"Kamanda, panda. Vuta nyuma. Ikikataa, tuchomeni sote wawili."

"Sipandi."

"Panda!" mama yake Moses alisema. "Nataka kujua aliyemwua mwanangu. Sitaki kujua nani alichekwa. Panda."

Evaristi akapanda. Akauvuta mkono wa gia nyuma, akaachia klachi. Pikapu ya mume mmoja ikasogea mbele, polepole, tii kabisa, hatua moja, mbili, tano, ikazima. Alikaa pale mikono kwenye usukani, akitazama mbele, akiwaza labda kwamba angeweza kufanya hivyo hivyo siku ile ile na hakuna mfupa ungevunjika.

Wale wazee wa barazani sasa wakapata sauti, wote kwa pamoja: walimwona dereva, mrefu, mweusi, ana koti la jeshi, ndiyo, walimwona vizuri kabisa. Kiberiti kikarudi mfukoni mwa mwenyewe. Aliyelivisha tairi alilivua, akalirudisha mahali pake na kukaza nati, kwa adabu. Hakuna aliyeomba radhi. Watu waliinamisha vichwa, wakaondoka mmojammoja, kila mmoja na panga lake, kama waliokuwa wanapita tu.

Pelagia akauchomoa ubao wa meza ya nyama, akaufunga mguu wa mumewe kwa kitenge alichopewa na Abdalah aliyekuwa amezinduka, sikio limevimba kama andazi. Kisha wakapakia kwenda hospitali Kibondo. Abdalah mbele. Nyuma Moses, amefunikwa shuka, kwa kuwa daktari wa serikali lazima amwone kwanza, na ubavuni mwa Moses Kipriani, maana nafasi ilikuwa hiyo.

Barabara ya Kibondo jioni ile haikuwa na msafara wala askari. Kila shimo lilimrusha Kipriani juu ya mfupa wake, na kila aliporushwa bega la maiti lilimgonga bega, kama abiria anayeomba nafasi. Hakulia. Alikuwa anasikiliza. Kwenye kila kilima alisubiri gia ikoroge, ikose, ilie chuma kwa chuma, ili apate neno moja la kusema. Alimsikia akipunguza mapema kabla ya kona. Akamsikia akishuka mteremko mrefu kwa gia, bila kuachia frii, gari ijiteremkie bila gia, jambo ambalo yeye mwenyewe, kwa kubana petroli, hakuwahi kulifanya. Hadi taa za Kibondo zinaonekana, gia haikuwa imekosa hata mara moja.

"Pelagia," aliita, mara moja tu, karibu na mji.

"Nasikia."



Mguu uliungana vibaya, umepinda kwa nje na mfupi kuliko mwenzake, na goti likakataa kukunjika. Klachi hakuigusa tena. Pelagia ndiye aliyebaki kwenye usukani, Kibondo, Kasulu, na chini kambini Nduta kupeleka mihogo, akichekwa wiki ya kwanza na kusalimiwa ya pili. Evaristi aliacha ukamanda akahamia kwa shemeji zake Gwarama. Kipriani alikaa kiti cha pili, kiwiko nje ya dirisha. Mara chache, kwenye kilima kikali, mguu ule mgumu ulijaribu kukanyaga sakafu tupu.

Miezi mitatu baada ya Moses kuzikwa, walisimama Kasulu sokoni kwa seremala, Kipriani akabaki ndani ya gari, Pelagia akashuka kumchagulia magongo. Magongo ya mninga, jozi moja, yaliyopakwa vanishi: shilingi elfu mbili na mia tano, alizozilipa Pelagia kwa fedha za mihogo.